Laana ya Firauni kwa Kinyaturu

Kama hujaiona ile movi ya kaburi la Firauni aliyoitafsiri Yeremia, basi wewe si mtu wa Singida, au umeokoka kupita kiasi. Kuanzia Issuna mpaka Kintinku hakuna kibanda umiza ambacho hakijaionyesha, na watu wameirudia mpaka wanajua ni wakati gani mchanga unapasuka. Wazungu watatu na mwanamke mmoja wanakwenda Misri kutafuta dhahabu. Wanafika kwenye kaburi, mlango umeandikwa usivunjwe, wao wanavunja. Ndani yumo kuhani aliyelala miaka elfu tatu, ngozi imemkauka kama nyama ya kuanika. Anaamka, ananyoosha kidole, anawalaani. Hapo ndipo watu huacha kutafuna karanga, maana huyo kuhani wa Misri, kwenye movi ya Yeremia, analaani kwa Kinyaturu.

Na si Kinyaturu cha kubabaisha. Ni kile cha wazee, kizito, cha mtu aliyesimama langoni pa zizi na kofia ameivua. Ukikigeuza Kiswahili kinakuwa hivi: "Mdomo wako ulishe wageni, nyumba yako isisikie sauti yako. Upande, usivune. Usiitwe baba wa mtu, wewe mwana wa Mughwai." Watu hucheka mpaka machozi. Firauni na Mughwai wapi na wapi! Siku ya mnada Issuna unaweza kumsikia muuza vitunguu akimrushia mwenzake nusu ya kwanza ya laana ile, na mwenzake anaimalizia huku anapima kilo.

Yeremia mwenyewe hakuwahi kuicheka. Maneno yale hakuyatunga yeye, aliambiwa, na aliyemwambia alikuwa baba yake mzazi, mzee Mughwai wa Mgori.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa nyuma mzee alimpa kipande cha shamba alime alizeti. Kwenye kona ya shamba lile alikuwa amelala babu, juu yake mawe yamepangwa vizuri. Yeremia, kijana aliyekuwa anawaka moto wa kutafsiri movi, akaliuza lile shamba apate kompyuta na maikrofoni. Alimwambia mnunuzi kaburi asiliguse. Mnunuzi akaitikia, kama wanunuzi wanavyoitikia. Mvua za kwanza hazijaisha, mawe ya babu yakaonekana kwenye msingi wa nyumba ya yule bwana, na chokaa juu. Mzee Mughwai akamwita mwanawe langoni pa zizi mbele ya ndugu, akayasema aliyoyasema.

Mtu akilaaniwa na mzazi ana mambo mawili, apige magoti au akimbie. Yeremia alikimbia. Alifikia Issuna kwa Laurenti, mwenye banda la video kando ya barabara kuu, akapewa chumba cha nyuma cha kurekodia. Ukutani walitundika magodoro chakavu kuzuia upepo usiingie kwenye sauti, maana upepo wa Singida hauna adabu, unaingia hata usipoitwa. Mle ndani Yeremia akawa sauti ya watu wote, wa stelingi, wa adui, wa mama anayelia, wa polisi anayechelewa.

Movi ya Firauni ilipofika haikuwa na maandishi chini. Wazungu alikisia wanasema nini, lakini kuhani alikuwa anazungumza lugha ya kale ambayo hata hao wazungu walikuwa wanamkodolea macho tu. Laurenti akamwambia, "Tunga lolote, bwana, watu nimeshawatangazia kesho." Yeremia akafungua mdomo atunge, na yakatoka yale. Yalitoka yote, na jina la ukoo, na hata kikohozi kidogo alichokohoa mzee kabla ya kufika kwenye "usiitwe baba". Laurenti alikuwa hoi kwa kicheko upande wa pili wa godoro.

"Hiyo usiiguse!" alisema. "Iache hivyo hivyo!"

Akaiacha. Alijidanganya kwamba laana ikichekwa na watu wengi itapoteza makali, kama kisu kinachokatia kila kitu. Wahenga walishasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakuwa mle chumbani siku ile, alikuwemo Laurenti.

Baadaye akamwoa Rukaiya, fundi cherehani, binti wa mzee mmoja aliyefanya kazi reli Kintinku, akahamia huko. Mimba ya kwanza ilitoka na miezi minne. Ya pili mitano. Ya tatu ilikwenda mpaka miezi saba ikawatoka barabarani, ndani ya gari, wakiwa wanakwenda kliniki. Rukaiya alilia, akasali, akarudi kwenye cherehani. Yeremia hakulia. Alianza kuhesabu maneno ya baba yake, moja moja, na kila neno alilikuta limetimia.

Sasa mimba ilikuwa ya nne, na ilikuwa imefika wiki ya thelathini na mbili. Nesi alipopima presha alikunja uso, akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Akawaambia wote wawili, na alisema taratibu kama anayesema na watoto: "Jumatatu mama uende Manyoni ukae kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito, pale pale hospitali. Usikae kijijini. Wewe ikianza, ni dakika, si masaa." Rukaiya alirudi nyumbani akafunga begi siku ile ile. Kanga nne, sabuni, kofia ndogo ya sufi aliyoifuma mwenyewe na kuificha chini kabisa, asije akaonekana anatangulia Mungu.

Jumamosi asubuhi Hana akapiga simu. Hana ni dada yake Yeremia, ndiye aliyebaki Mgori na mzee.

"Kaka, baba amelegea," alisema. "Anaumwa, kula yenyewe ya kulazimishwa. Jana usiku kanishika mkono ananiambia, mwite Yeremia nimwondolee. Njoo kabla hajabadilika, au kabla hajaenda."

Yeremia alikaa chini, pale pale uani. Miaka tisa alikuwa anausubiri mdomo ule useme hivyo. Alimweleza Rukaiya, na Rukaiya akafurahi kwa ajili yake, kwa moyo mweupe, ingawa mambo ya laana yeye hayakuwa yanamkaa kichwani.

"Nenda ukapatane na mzazi wako," alisema. "Ila Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi niko hapa, nakupeleka mimi mwenyewe."

Alipofika mlangoni akarudi. Hana alikuwa amemwambia mzee anahitaji kitu cha mama mjamzito, akitemee maji ya baraka, na kanga haifai kwa sababu kanga huazimwa. Yeremia akaitazama meza. Akaichukua kadi ya kliniki. Mle mlikuwa na jina la mkewe, na mapigo ya moyo ya mtoto yameandikwa kwa tarakimu, na kwa akili yake hapakuwa na kitu kilichokuwa karibu na yule mtoto kuliko kadi ile. Rukaiya alimwona akiitia mfukoni. Alitaka kusema neno, akaona mwanaume ana furaha, akanyamaza.

Mgori alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, blanketi begani na jua lote lile. Alikuwa amebaki mifupa na masikio.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, mpaka Hana akaanza kukohoakohoa. "Marahaba," akasema mwisho wake, na Yeremia, mwanaume mzima wa miaka arobaini, akalia kama aliyechapwa.

Jumapili watu walipotoka kanisani wakakusanyika langoni pa zizi. Kazi ya kuongoza alikuwa nayo baba mdogo, Kefa, maana ndiye aliyebaki anayejua taratibu. Kwanza alipitisha ungo, kila mtu akaweka simu yake imezimwa. Kefa hataki kabisa kitu kinachosema kutoka mbali mahali ambapo maneno yanarudishwa, anasema maneno yanaweza kupata njia ya kutorokea. Kisha akaeleza, kwa faida ya vijana. Maneno hurudishwa na mdomo ulioyatoa, pale pale yalipotolewa, mbele ya watu. Mzee atalisema kila neno upya, kama alivyolisema siku ile, kisha atapiga funda la maji yenye unga wa mtama na kulitema nje ya lango. Yakiisha yote, funda la mwisho ni la kifua cha mwana aliyelaaniwa, na hapo mambo yamekwisha.

Mzee Mughwai akasimama, Hana kamshika kiwiko. Akaivua kofia. Sauti ilitoka nyembamba, lakini maneno yalikuwa yale yale.

"Mdomo wako ulishe wageni," akasema, akapiga funda, akatema.

Nyuma mtu akaguna. Mwingine akabana pua.

"Nyumba yako isisikie sauti yako," akasema mzee, na akakohoa kidogo.

Hapo hawakuweza tena. Vijana wa ukoo, na wake za watu, na majirani waliokuja kushuhudia, walikuwa wameisikia ile sauti mara ngapi kwenye vibanda? Kicheko kilianzia kwa mmoja kikawavaa wote. Na kijana mmoja, hata hakukusudia, ni mdomo tu, akamalizia kwa ile sauti nzito ya kuhani: "Upande, usivune!" Na wengine watano wakaitikia sehemu iliyobaki, mpaka kwenye jina la Mughwai, kama watu wanaoitikia kibwagizo.

Mzee akageuka. Alikuwa hajui kuna movi. Runinga hana, na Hana alimficha miaka yote, akijua ni nini kitatokea. Lilimponyoka jambo moja tu, kwamba siku ya kurudisha maneno itabidi yasemwe.

"Hawa wamejifunza wapi maneno ya mdomo wangu?" mzee akauliza.

Kicheko kilikatika. Waliokuwa wamecheka wakatazama miguu yao. Yeremia alipiga magoti kwenye samadi akaeleza, na kwa jinsi alivyoona aibu alieleza kama vile anataja makosa ya mtu mwingine: banda, maikrofoni, kuhani, haraka ya Laurenti.

"Ulilazimishwa?"

"Hapana, baba."

"Ukataja na jina langu."

"Nililitaja."

"Waliosikia ni wangapi?"

Yeremia hakujua. Movi ilishatoka kwenye santuri ikaingia kwenye flashi, ikatoka kwenye flashi ikaingia kwenye simu za watu. Huwezi kuhesabu.

"Mimi nilikulaani mara moja," mzee akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa na hasira ya baba yangu aliyefanywa tofali. Nikajuta kabla jua halijazama, ila kiburi changu kikanikalia. Mara moja tu, Yeremia. Wewe umejilaani mwenyewe kila siku mtu akiwasha jenereta."

Baba mdogo Kefa akavuta watu wazima pembeni wakateta. Waliporudi, hukumu ilikuwa na vipande viwili. Ya mzee yanamalizwa hapa, na yakamalizwa, neno kwa neno, safari hii bila hata mtu kupiga chafya. Lakini yale ya Yeremia yana mdomo mwingine na mahali pengine. Itabidi aende akayarudishe kule Issuna, kwenye chumba kile kile, na mzee awepo, kwa kuwa jina lililotajwa ni lake. Funda la kifuani lisubiri mpaka hapo. Kesho? Kesho mzee hawezi, amechoka. Iwe Jumanne.

"Kaka, na Rukaiya?" Hana akamnong'oneza.

Jioni Yeremia akampigia mkewe.

"Limejitokeza jambo," alisema. "Mpaka Jumanne."

"Basi mimi kesho nakwenda na mama yangu mdogo. Tutapanda basi tu."

"Usitoke!" Yeremia alipaza sauti mpaka kuku wakashtuka. "Rukaiya, nakuomba. Ya tatu ilitutokea barabarani, umesahau? Hiki kitu kimebaki nusu. Ukitoka nje kikiwa nusu... Siku mbili tu. Jumanne mchana kimekwisha, jioni niko kwako. Halafu na kadi ninayo mimi, utafika kule useme nini?"

Upande wa Rukaiya ilisikika cherehani ya jirani.

"Kichwa kinaniuma toka asubuhi," alisema.

"Kunywa maji, lala. Siku mbili."

"Haya."

Sasa wewe unayesikiliza utasema mwanaume gani huyu. Nami nasema hivyo hivyo. Lakini jua kwamba mtu yule alikuwa anampenda mkewe na alimtaka yule mtoto kuliko alivyotaka kuvuta pumzi. Aliamini kabisa kwamba anamlinda. Mtu anayeogopa nyoka hutazama chini tu, hata ukuta unaomwangukia haoni.

Jumanne walikodi gari aina ya Noah, wakamlaza mzee kiti cha kati. Laurenti aliwapokea kwa furaha yote, akawaagizia soda, akawaita watu waje wamwone Mughwai wa kweli, yule wa kwenye movi! Hakuelewa ni kitu gani kinaendelea, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza. Baba mdogo Kefa alipitisha mfuko, simu zikazimwa zikaingia. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Walidhani wataingia chumba cha nyuma moja kwa moja. Mzee akakataa. "Nionyesheni kwanza," akasema. "Siwezi kusimamia kitu sijakiona."

Kwa hiyo mzee Mughwai, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa kwenye benchi la kibanda umiza. Aliwatazama wale wazungu wakivunja mlango. Alitikisa kichwa. "Wameambiwa wasivunje," akasema peke yake. Watu waliokuwa wameingia kumwangalia walikuwa wanamtazama yeye kuliko kioo. Kisha mchanga ukapasuka, kuhani akanyoosha kidole, na sauti ya Yeremia ikajaa banda zima. Banda likacheka kwa pamoja, kama kawaida yake.

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alimshika mwanawe goti.

"Hivi ndivyo nilivyokuambia?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa sauti hii?"

"Kwa sauti hii."

"Mtoto wangu," akasema. "Mtoto wangu, na ulikuwa na miaka thelathini na moja tu." Akaomba irudishwe nyuma, akaisikiliza tena mpaka mwisho, na kwenye kile kikohozi akafumba macho. Kisha akasema wainuke.

Chumbani, kati ya yale magodoro, Yeremia aliyasema maneno yale mara ya mwisho, akitema maji baada ya kila neno. Mara tatu ulimi ulimganda. Alipomaliza, mzee Mughwai akapiga funda lake, akamtemea kifuani, shati likalowa chapa. Kisha akaiomba ile kadi akaitemea nayo, na wino mwekundu wa nesi ukaanza kutambaa kwenye karatasi. Akasema maneno ya baraka, marefu, na sauti ikamwishia katikati, akayamalizia kwa midomo.

Yeremia alijihisi mwepesi, ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye, kama mtu aliyetua gunia la mtama alilolibeba toka Mgori kwa miguu. Alicheka. Alimkumbatia Laurenti. Alikula wali na kuku, sahani nzima, akiwa amekaa na baba yake meza moja, na mzee alimwekea paja la kuku kwa mkono wake. Muda huo wote ule mfuko wa simu ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kefa aliukumbuka saa saba na nusu.

Simu ya Yeremia ilipowaka ilianza kutetemeka na haikuacha. Rukaiya alikuwa amepiga mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Baada ya hizo, mama mdogo mara sita. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, wa mama mdogo: Uko wapi.

Alipiga.

"Njoo Manyoni," mama mdogo alisema, akakata.

Alisimama barabarani akipunga mkono kwa kila gari. Basi lililomchukua lilikuwa linatoka Singida, na kondakta alimtambua kwa sauti alipouliza nauli. "Si wewe yule wa Firauni? Hebu tupigie kidogo!" Abiria wa viti vya mbele wakageuka na tabasamu. Yeremia aliuweka uso wake dirishani, akaomba Mungu wa kanisani kwao na Mungu wa msikitini kwa akina Rukaiya, akaahidi kila alichonacho, mpaka wakafika.

Rukaiya alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na dripu mkononi. Mama mdogo alipomwona Yeremia alisimama akatoka bila kumsalimia. Nesi alimkuta njiani akamwuliza kama ndiye mwenye kadi, maana mama alifika hajitambui vizuri na hawakuwa na rekodi yake yoyote, walianza moja. Yeremia akaitoa. Nesi aliifungua, akaona wino uliochanganyika, akaifunga na kuishikilia hivyo hivyo.

Alikaa pembeni ya kitanda. Rukaiya alikuwa macho. Uso ulikuwa umemvimba, midomo imekauka.

"Imetoka," Yeremia akasema, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuwa amekibeba toka Issuna. "Mzee ameiondoa, Rukaiya. Yote. Ameyarudisha na mimi nimeyarudisha."

Rukaiya alimtazama lile shati.

"Laana ilikuwa inamuuma nani?" aliuliza. Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililomwogopesha. "Mimi nilikuwa naumwa kichwa, Yeremia. Nilikuambia. Asubuhi macho yakawa hayaoni, nikawa nabonyeza simu kwa kupapasa. Mama mdogo akanitia kwenye bajaji, damu ikaanza hatujafika hata lami. Daktari alisema ningefika jana wangemtoa akiwa mzima."

"Mtoto..."

"Wa kiume." Akameza mate. "Alilia. Walimtoa akalia, sauti kubwa tu, mpaka nesi akasema huyu ana mapafu. Nikawa nawaambia wampigie baba yake asikie. Wakapiga. Akalia kama lisaa lizima, kisha akaanza kuchoka."

Yeremia aliitazama simu aliyokuwa ameishika.

"Yuko wapi?"

"Kaka yangu amempeleka Kintinku. Mtoto aliyelia lazima asaliwe, azikwe kwa jina lake. Hawakuweza kusubiri."

"Jina gani?"

Rukaiya akageukia dirisha. Nje kulikuwa na kina mama wa ile nyumba ya kusubiria, wenye matumbo yao, wanaanua nguo kwenye kamba.

"Kaka aliniuliza, nikampa. Ningekuuliza wewe, hukupatikana. Nenda, Yeremia. Mwulize aliyekuwepo."

Alisubiri, huenda akageuka. Hakugeuka. Alitoka mpaka kwenye korido, akasimama kwenye kona ambapo mtandao unashika, akampigia shemeji yake. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, nyuma yake yalisikika majembe na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini.

"Shemeji," Yeremia alisema. "Samahani. Naomba uniambie mtoto wangu anaitwa nani."

Shemeji alikuwa na mengi ya kusema, na haki ya kuyasema alikuwa nayo, ila alikuwa amesimama mahali pasipofaa.

"Idrisa," alisema.

Yeremia aliazima kalamu kwa mlinzi wa mlangoni, akaliandika nyuma ya tiketi ya basi, asije akalisahau.